Naomba ushauri: taa ya UV ya kusafishia maji safarini

Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao mimi na mdogo wangu tunavuka na kivuko kwenda Ukerewe, siku nne kwa miguu, begi mgongoni. Nawaza kununua SteriPEN, ile taa ya UV (miale ya kuua vijidudu) ya kukorogea maji kwenye chupa, sekunde 90 kwa lita. Shida ni maji yenyewe: juzi nimechota pale mwaloni Kirumba, Mwanza, chupa ikawa kijani kama mlenda! Najua mwanga haupenyi tope, vijidudu vinajificha humo. Je, kuchuja kwa kanga kunatosha, au ninunue na chujio kabisa? Na betri, ya kuchaji au ya kubadilisha? Kuchemsha sitaki, kubeba mkaa ni mzigo. Aliyewahi kuitumia anisaidie.