Mabuli saba, matano yamepasuka chini ya mdomo. Wafinyanzi naombeni ushauri

Kigae_Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu,

Niko Dodoma mjini, Nkuhungu. Nina mwaka na miezi minne tangu nianze kufinyanga kwa gurudumu. Gurudumu lenyewe alinitengenezea fundi wa kuchomelea: juu habu ya gari, chini sahani nzito ya zege ambayo naisukuma kwa mguu. Vikombe na bakuli vinatoka vizuri na vinanunuliwa. Sasa nataka kumtengenezea mama buli la chai. Lake la bati lenye maua alikuwa nalo tangu mimi niko darasa la pili. Mwaka huu limetoboka kitako, na chai ya kwenye chupa hataki, anasema inanuka kizibo.

Nimeshafinyanga mabuli saba. Matano yamepasuka kabla hata ya kuona moto, na yote yamepasuka mahali pamoja: pale mdomo unapoungana na tumbo, upande wa chini, kwapani kabisa. Jioni unaliacha zima, asubuhi unakuta ufa mwembamba kama uzi, na ukigusa mdomo unacheza.

Mawili yaliyofika tanurini na kutoka salama nayo yana shida. La kwanza likimimina, chai inageuka chini ya mdomo na kutambaa mpaka kwenye kitambaa cha meza. La pili halijai: ukifika theluthi mbili, chai inaanza kutoka yenyewe mdomoni. Na yote mawili yanatoa jasho kwa nje.

Ninavyofanya ni hivi. Jumamosi asubuhi nafinyanga tumbo. Siku za kazi sina nafasi, kwa hiyo mdomo, kifuniko na mkono nafanya Jumapili nikitoka kanisani, halafu naunga hapo hapo. Nakwaruza pande zote mbili, napaka uji wa udongo, nakandamiza, naweka barazani pakauke. Udongo nachimba bondeni karibu na shamba letu, ni mweusi mweusi, nachanganya na mchanga, ndoo moja ya mchanga kwa tano za udongo. Tanuri ni la matofali, tunachoma kwa kuni na jirani.

Nikwaruze zaidi? Uji uwe mzito zaidi? Nimeanza kufikiria labda buli linahitaji udongo wa dukani.

Mchoma_Tofali

Dada, mwezi huu wa nane unakausha barazani? Upepo wa Dodoma huu? Sisi matofali tu, kitu kinene namna ile, tunayafunika nyasi yakiwa mabichi, la sivyo yanapasuka pembe. Mdomo wa buli una unene gani, milimita nne? Huo saa tatu tu umeshakuwa biskuti.

Fundi_Dom

Kwenye ule uji weka saruji kidogo. Nimeona mtu anaziba mtungi hivyo na umekaa miaka.

Mzee_wa_Gurudumu

Fundi, mtungi wa maua sawa. Kitu kitakachoingia tanurini usikiweke saruji. Saruji haisinyai pamoja na udongo, na ikipigwa moto inapoteza nguvu na kumong'onyoka. Halafu hiki ni chombo cha kunywea.

Kigae, mwanangu, kukwaruza kwako hakuna kosa. Kosa liko kati ya Jumamosi na Jumapili.

Buli si chombo kimoja. Ni vyombo vinne: tumbo, mdomo, kifuniko na mkono. Kila kimoja kinasinyaa kinavyokauka. Tumbo lako la Jumamosi limeshasinyaa nusu ya safari yake unapokuja Jumapili kulibandika mdomo mbichi. Mdomo ndiyo kwanza unaanza kusinyaa, tumbo halimfuati, basi mmoja lazima aachie. Anaachia pale penye uzito, yaani chini ya mdomo, kwa sababu mdomo unaning'inia. Ukikwaruza hata kwa msumeno ufa utakuja tu.

Wakati wa kuunga, vyote vinne viwe na unyevu mmoja. Kipimo changu ni kucha: bonyeza tumbo, kisha bonyeza mdomo. Kucha iache alama lakini kidole kisizame, na alama hizo mbili zifanane. Kimoja kikilainika zaidi ya kingine, subiri. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji, lakini kwenye kuunga ukiuwahi mno mdomo unalegea na kuinama kama ua lililokosa maji.

Sasa kwa wewe uliye kazini siku tano. Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Chini weka kitambaa kilicholowa, juu yake matofali mawili madogo, juu yake kibao. Finyanga vipande vyote Jumamosi hiyo hiyo, udongo wa bonge moja, uliokandwa pamoja. Acha kivulini hadi vishike, pengine jioni tu kwa hali ya hewa ya hapo, kisha viingize vyote ndooni na ufunike. Humo ndani vinagawana unyevu. Vinaweza kukungoja wiki nzima. Jumamosi inayofuata unachonga kitako, unatoboa na kuunga.

Ukishaunga usikimbilie baraza. Rudisha ndooni siku mbili, mfuniko ukiwa umebana. Kisha toa, zungushia mdomo na mkono vipande vya mfuko wa plastiki, tumbo liache wazi, weka chumbani kusiko na upepo. Mdomo na mkono ni vyembamba na vinapigwa hewa pande zote, ndiyo maana unavizuia visitangulie. Kifuniko kikae juu ya buli muda wote mpaka tanurini, ili vipindane pamoja na viendelee kukutana. Wiki mbili. Najua ni ndefu, lakini mabuli matano umeshayatupa.

Vipimo: kwa buli la vikombe vinne, tumbo kilo 1 na robo, mdomo gramu 300 (utakata nusu yake, lakini bonge dogo kuliko hilo halishikiki vizuri), kifuniko gramu 250.

Kigae_Nkuhungu

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu. Kumbe nilikuwa naunga vitu vyenye umri tofauti. Ndoo ya rangi ninayo. Hilo la kutojaa je?

Mzee_wa_Gurudumu

Marahaba. Ncha ya mdomo iko chini ya ukingo wa buli. Maji yanajilinganisha yenyewe, hayatakubali kupanda tumboni juu ya ncha ya mdomo. Kabla ya kuunga, laza kijiti kilichonyooka juu ya kinywa cha buli, kiendelee mpaka upande wa mdomo. Ncha ifike kwenye kijiti au ikipite kidogo. Na shina la mdomo lisikae juu sana begani. Likikaa katikati ya tumbo linakupa nafasi ya kupanda.

Mjukuu_wa_Mpwapwa

Naomba niingie kwenye udongo, maana ndipo nilipokulia.

Bibi yangu alifinyanga vyungu Mpwapwa, kwa mkono, hajawahi kuona gurudumu. Udongo mweusi wa mbugani hakuutumia peke yake. Alisema una tamaa: unakunywa maji mengi, kisha unayatapika yote na kujikunja. Ndiyo maana mbuga zinapasuka nyufa za kuingiza mguu kiangazi. Alikuwa anachanganya na udongo mwekundu, halafu vigae vya vyungu vilivyovunjika, anavitwanga kwenye kinu cha zamani na kuchekecha. Kigae kimeshachomwa, hakisinyai tena, kwa hiyo kinaupunguzia udongo mbio. Mchanga nao unasaidia, lakini ukiwa na chembe kubwa utakuchuna viganja kwenye gurudumu. Wewe twanga hayo mabuli uliyochoma yakakosea, chekecha kwa chujio la chai, jaribu sehemu moja kwa nane.

Pima usinyaaji. Tengeneza ulimi wa udongo, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, kausha, choma, pima tena. Ukikuta 9, umesinyaa asilimia 10. Fanya hivyo kwa kila mchanganyiko kabla hujaufanyia buli.

Udongo wa dukani sio lazima. Ila mweusi mtupu utakusumbua.

Kigae_Nkuhungu

Nilikuwa na kibao cha udongo cha zamani chenye mstari wa hivyo, niliachaga tu. Nimepima sasa hivi: sentimita 8.8. Asilimia 12! Asante sana, ndugu yangu. Bibi alikausha wapi vyungu vyake?

Mjukuu_wa_Mpwapwa

Ndani ya tembe, kona ya giza, mbali na mlango. Sisi watoto tulikatazwa kuacha mlango wazi. Nilidhani anaogopa kuku.

Chai_ya_Tangawizi

Mimi si mfinyanzi, ni mnywaji tu, lakini swali: hayo matundu ya kuchujia nyuma ya mdomo mnayatoboa ya nini? Nyumba nyingi tunachemsha sufuriani, majani, maziwa, tangawizi, tunachuja ndiyo tunatia kwenye buli. Si utoboe tundu moja kubwa upate amani?

Kigae_Nkuhungu

Mama anapenda ya rangi, anamwagia maji ya moto juu ya majani ndani ya buli lenyewe. Kwa hiyo matundu nayahitaji. Nilitoboa manne.

Mzee_wa_Gurudumu

Manne ni machache. Piga hesabu: mdomo wenye tundu la milimita 10 una eneo la milimita za mraba 78 hivi. Tundu la milimita 5 lina kama 20. Manne yanalingana tu na mdomo, na majani yakiziba mawili, chai inatoka kwa kusinzia. Toboa 12 hadi 15, kabla hujaunga mdomo, na usisugue vumbi lake hapo hapo; subiri likauke ulitoe kwa brashi. Na tundu dogo kwenye kifuniko, milimita 3 au 4, usilisahau. Bila hewa kuingia juu, chai inatoka kwa kwikwi.

Kuhusu kutiririka chini ya mdomo, nionyeshe ncha yako ikoje.

Kigae_Nkuhungu

Nailainisha kwa sponji mpaka iwe mviringo, ili isimkwaruze mtu.

Mzee_wa_Gurudumu

Hapo hapo. Ukingo wa mviringo unaionyesha chai njia ya kugeuka. Inashikamana na udongo, inafuata mzunguko, inashuka chini. Kata ncha kwa waya udongo ukiwa umeshika, ukingo wa chini uache mkali, upitishe kidole kimoja kilicholowa mara moja tu kuondoa chenga. Na mdomo wenyewe uwe mwembamba kadiri unavyokwenda nchani, usipanuke tena, ili chai itoke kwa kasi. Ukimaliza kumimina inua mkono haraka.

Utasikia pia kwamba mdomo uliozungushwa kwenye gurudumu hujipinda ukichomwa, ncha iliyokatwa mshazari ikainama upande. Ni kweli, ila kwa moto wako wa kuni hutaliona hilo sana. Kwenye moto wa nyuzi 1,200 na kuendelea ndipo linasumbua.

Mfugaji_Chamwino

Mkono wa buli mnautengenezaje? Mimi natengeneza vikombe tu, mkono nakata kama mkanda.

Mzee_wa_Gurudumu

Wewe mfugaji utaujua kabla ya sisi wote. Shika kipande cha udongo kama karoti, kining'inie, lowesha mkono mwingine, ukikamue kushuka chini kama chuchu ya ng'ombe. Taratibu, ukizungusha mkono kila mara. Unapata mkono mwembamba katikati, mnene kwenye maungio, na laini kushika. Acha nafasi ya vidole vitatu pamoja na ile asilimia ya kusinyaa, la sivyo vidole vitagusa tumbo la moto.

Nesi_Area_C

Dada Kigae, hilo jasho lisikutume kutafuta dawa za mtaani za kung'arisha. Kuna watu wanayeyusha au kusaga risasi ya betri wapate mng'ao. Risasi inatoka kidogo kidogo kwenye kinywaji, hasa ukitia limau, na haionjeki. Watoto ndio wanaoumia zaidi. Kama unataka ngozi ya kioo, nunua glezi iliyoandikwa inafaa kwa vyombo vya chakula, isiyo na risasi, ya nyuzi ambazo tanuri lako linafika kweli.

Mjukuu_wa_Mpwapwa

Naunga mkono. Wakati unatafuta hiyo glezi, chemshia uji mwepesi: jaza buli uji wa moto, acha ulale humo, mwaga, rudia siku tatu. Wanga unaingia kwenye vinyweleo. Jasho halitaisha kabisa lakini litapungua. Na usiliweke juu ya jiko. Lipashe kwanza kwa maji ya vuguvugu ndipo uweke ya moto.

Mchoma_Tofali

Kwenye kuchoma: asubuhi moto wa moshi tu, kwa muda wa saa tatu au nne, mpaka kioo ukikiweka kwenye tundu la juu kisipate ukungu. Hapa tuko mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na unyevu uliobaki kwenye shina la mdomo ukichemka ghafla unalirusha. Na ukimaliza usifungue mlango mpaka kesho yake.

Kigae_Nkuhungu *(wiki tano baadaye)*

Wakuu, narudi na majibu.

Nilifinyanga mabuli manne kwa udongo mweusi nusu, mwekundu nusu, na vigae nilivyotwanga. Mstari wangu wa sentimita 10 sasa unatoka 9.2. Vipande vyote Jumamosi moja, wiki nzima ndooni. Jumamosi ya pili nilipofungua nilibonyeza kucha kwenye matumbo yote na midomo yote. Alama zilifanana. Nilikaa chini kwanza.

Yamekauka siku 15 chumbani kwangu chini ya kitanda. Hakuna hata moja lililopasuka mdomoni. Moja limepasuka kitako, nadhani niliacha maji ndani nilipokuwa nafinyanga, sikuyatoa kwa sponji. Matatu yametoka tanurini mazima.

Jana nimempelekea mama moja. Nimelipikia uji siku tatu kama nilivyoelekezwa. Alimimina kikombe cha kwanza, akapitisha kidole chini ya mdomo, akakiangalia: kikavu. Akamimina cha pili, akapitisha tena. Kifuniko tu kinabana, kikipata joto inabidi kukizungusha ndipo kitoke. Mzee, ukingo wa kifuniko niupunguze kiasi gani, na niupunguze kabla ya kukauka au naweza kuusugua na msasa hivi ulivyo?

Mzee_wa_Gurudumu

Hongera sana, mwanangu. Sugua hivi hivi: paka mchanga laini na maji kwenye ukingo, kiweke kifuniko mahali pake, kizungushe polepole mpaka kisikwame. Osha vizuri. Buli lijalo acha nafasi ya milimita moja kila upande ungali mbichi.