Msaada mafundi: matundu ya doweli hayaoani

Mtoto wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza meza ya sebuleni ya mninga. Miguu ni milimita 50 kwa 50, mbao za fremu zinazounganisha miguu zina unene wa milimita 25. Sitaki msumari wala skrubu ionekane, kwa hiyo nataka kuunga kwa doweli (vijiti vya mbao vya mviringo) za milimita 10, mbili kila kiungo. Nimejaribu kwanza kwenye vipande vya paini: napima kwa rula pande zote mbili, natoboa kwa drili ya mkono. Nikija kuunga, ama doweli ya pili inagoma, ama fremu inapanda juu ya mguu karibu milimita 2. Mninga bei yake mnaijua. Nifanyeje yaoane bila kununua mashine?

Fundi Keko
Mkuu, acha kupima pande zote mbili. Upande mmoja ndio uuoneshe mwenzake pa kutoboa. Chukua misumari miwili midogo, ipigilie kwenye kichwa cha mbao ya fremu, yaani ncha inayogusa mguu, pale hasa unapotaka katikati ya matundu. Kata vichwa vya misumari kwa mshazari kwa koleo, ibaki imechomoza milimita 2 au 3. Laza mguu mezani, sogeza fremu mahali pake ukiiegemeza kwenye ubao ulionyooka isiyumbe, kisha gonga mara moja tu. Ncha zitaacha vidoa viwili kwenye mguu. Ng'oa misumari, toboa penye alama, huku na huku. Na kila mbao iwe na alama ya penseli upande unaotazama nje, vipimo vyote vianzie hapo. Ukigeuza mbao moja tu, kazi imeharibika.

Mama Randa
Alama nzuri peke yake haitoshi. Biti (kekee ya drili) ya kutobolea chuma ikigusa nyuzi za mbao inateleza, na kwenye kichwa cha mbao ndiyo mbaya zaidi. Tafuta biti ya kutobolea mbao, ile yenye ncha kali katikati. Halafu mwombe fundi mwenye drili ya kusimama akutobolee tundu la milimita 10 kwenye kipande cha mbao ngumu. Hicho ukibane kwa klampu juu ya alama, biti ipite humo, haitapinda. Doweli kugoma mara nyingi ni tundu lililoinama.

Mninga Mkavu
Kuna jambo hamjamwambia. Kwenye mguu wa milimita 50 fremu mbili zinakutana pembeni kwa pembeni. Ukitoboa kina cha milimita 26 pande zote mbili, katikati, matundu yatagongana ndani. Pishanisha urefu: za fremu hii zikae juu kidogo, za ile chini kidogo. Kina chenyewe kizidi nusu ya urefu wa doweli kwa milimita 1 au 2. Zungushia selotepu kwenye biti ujue pa kuishia.

Mtoto wa Mbagala
Asanteni sana wakuu. Misumari nimeijaribu kwenye paini, fremu imekaa sawa na mguu, kidole hakisikii ngazi. Sasa doweli zenyewe zinabana mno hata kwenye tundu lililonyooka. Nizipige msasa?

Mama Randa
Usipige msasa kwanza, ukizidisha zitalegea. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, doweli ikikaa wazi inavimba. Zianike juani mchana mmoja, kisha zifunge kwenye mfuko wa plastiki hadi siku ya kuunga. Zikishakauka zitaingia, na maji ya gundi nyeupe yatazivimbisha tena zishike. Kama ni laini pembeni, zibane kwa meno ya koleo zipate mifereji, gundi na hewa vipate pa kutokea.

Mtoto wa Mbagala
Gundi niipake tunduni au kwenye doweli?

Fundi Keko
Tunduni, kwa kijiti chembamba, ukutani mwa tundu pote. Usijaze. Gundi ikikosa pa kwenda unapogonga, mninga unaweza kupasuka. Funga klampu, pima pembe kwa skwea kabla gundi haijashika, acha hadi kesho yake.