Acheni kumwambia mfiwa "angalau"!

Wakuu, nina hasira na sifichi. Mtu kafiwa na mtoto, kaburi bado bichi, halafu anatokea wa kumwambia: "Angalau Mungu kakuachia wengine wawili." Sasa hao wawili ndio wanamfuta aliyekufa? Mama anamlilia huyo mmoja, wewe unampigia hesabu!

Na "angalau" zenyewe haziishi. Angalau hakuteseka. Angalau kala chumvi nyingi. Angalau mimba ilikuwa changa. Hiyo ya mwisho dada yangu aliambiwa akiwa bado kitandani, na aliyeisema aliondoka akiamini kafariji. Alilia mpaka usiku, tena kwa kujificha, maana alishaonyeshwa kwamba msiba wake ni mdogo.

Kuna wengine kazi yao kuhesabu siku. "Miezi mitatu sasa, bado tu unalia?" Ndiyo, bado! Hata Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, haliiti majonzi ya kufiwa ugonjwa kabla ya miezi 6, na hata ikipita, lazima yawe yamemvurugia mtu maisha kweli kweli. Wewe jirani umepata wapi mamlaka ya kumfungia mwenzio msiba?

Wajuaji wa "hatua tano" za majonzi (kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni nzito, kukubali) nao wanakera. Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alipoziandika mwaka 1969 alikuwa amezungumza na wagonjwa waliokaribia kufa, si na wafiwa. Leo mfiwa akikasirika anaambiwa yuko hatua ya pili. Kakasirika kwa sababu kafiwa, basi!

Halafu ile "ukihitaji chochote niambie". Mtu hakumbuki kala lini, ndiye aanze kukupangia kazi? Mwambie "kesho watoto nawapeleka shule mimi", kisha uwapeleke.

Mnaokwepa kabisa eti hamjui mseme nini: semeni "pole sana". Inatosha. Mtajeni marehemu kwa jina. Mnaogopa kumkumbusha, kwani alisahau lini? Kama ulimjua, simulia jambo moja zuri alilokufanyia, mfiwa atakushukuru kuliko mahubiri ya saa nzima.

Na asipojibu ujumbe wako, usinune. Mwandikie tena wiki ijayo, na umwambie si lazima ajibu.