Bweni kwa mtoto wa darasa la kwanza: wakuu, tuseme ukweli

Wakuu, salaam. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Mtaani kwangu bado watu wanaulizana kimyakimya ni shule gani "inapokea wadogo". Mimi nauunga mkono ule waraka, na sababu yangu ni mwanangu.

Nilimpeleka akiwa na miaka 6, kabla ya katazo. Likizo ya mwezi wa sita, siku ya pili tumekaa sebuleni, akasimama, mikono nyuma: "Mama, naomba ruhusa niende chooni." Nikacheka. Usiku natandua kitanda chake, nakuta vipande viwili vya mkate chini ya mto. Hapo sikucheka tena. Shule haikuwa mbaya, Kiingereza kilikuwa kinamtoka, hesabu anazo. Ila kwangu alikuwa mgeni, tena mwenye adabu za mgeni. Nikamhamishia shule ya kutwa. Ulipita karibu mwaka kabla hajaanza kunibishia, na siku aliyogoma kuoga nilifurahi kama mwehu.

Baba wa Chanika: Pole mama, lakini mnasifia nyumbani kama vile nyumbani kuna mtu. Mimi na mke wangu tunatoka saa 11 alfajiri, kurudi saa 2 usiku, foleni ikiwa na huruma. Gari la shule linampitia binti kukiwa bado giza, usingizi anaumalizia kwenye kiti. Jioni yuko na dada wa kazi, na tangu mwaka jana madada wamebadilika wanne. Bweni angalau matroni ni yuleyule.

Mwalimu wa zamani: Yuleyule, ndiyo, na watoto 40. Mtoto akiota ndoto mbaya saa 8 usiku hamwamshi matroni, anamwamsha mwenzake wa kitanda cha chini, naye ana miaka 7. Wiki ya kwanza baada ya likizo magodoro yanayoanikwa yanaongezeka. Wanaolia hawakunitia hofu sana, kilio kina mwisho. Niliwaogopea walionyamaza. Ila niwe mkweli: nilikuwa na mmoja aliyelia siku ya kufunga shule. Kwao baba akirudi amelewa, sahani zinaruka. Yule ukimwambia nyumbani ndiko kwenye malezi, atakushangaa.

Mjukuu wa Bibi: Mnadeka. Sisi tulipelekwa kijijini kwa bibi, na tuko wazima.

Mwalimu wa zamani: Bibi ni damu yako, mkuu. Ulikuwa unalala ubavuni kwake.

Narudi mimi mwenye mada. Baba wa Chanika umenibana, nakubali. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake. Saa ngapi kwa siku, hilo tumeachiwa wenyewe. Waraka umewarudisha watoto nyumbani, haukuturudisha sisi. Mimi nina genge langu, nafunga saa 11 jioni na hasara naimeza. Wewe umeajiriwa, huwezi. Nikuulize tu: binti akishuka kwenye gari jioni, nani anamuuliza shule ilikuwaje?

Baba wa Chanika: Dada. Na mimi namuuliza dada kwa simu.