Stika za mwenzetu kwenye grupu la darasa: CR nifanyeje?

CR_mwaka_wa_pili:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni CR, yaani mwakilishi wa darasa, na ndiye admini wa grupu. Wiki tatu nyuma jamaa yetu mmoja wa Tarime alikuwa anaprezenti, lekchara akambana maswali mpaka akaangukia kwenye Kiswahili: "Marengo ya utafiti wetu..." Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe kuna aliyerekodi. Usiku sauti ikawa kwenye grupu, kesho yake stika: uso wake, chini MARENGO. Sasa hata nikituma ratiba ya test, majibu ni MARENGO mfululizo. Jamaa kahamia nyuma kabisa, chini ya feni mbovu. Prezentesheni ya juzi kaandika yote yeye, akasoma mwingine, alama za kuprezenti akazikosa. Nikikemea naambiwa nimeokoka lini. Nifanyeje?

Kobe_mzee:
Utani wa kawaida huo. Sisi tuliitwa majina na tukagraduati. Atakomaa.

Mhehe_wa_Kilolo:
Mkuu Kobe, usiusingizie utani. Mimi ofisini nina mtani Mngoni. Ananianza asubuhi, namrudishia kabla hajakaa, na nikifiwa ndiye atakayekuja kunivurugia msiba. Huyo kijana anamrudishia nani? Darasa zima?

Mama_Tasnifu:
Mdogo wangu, usimsimamishe mbele ya darasa eti aombwe msamaha, utamwaibisha mara ya pili. Mfuate peke yake, muulize anataka nini. Piga skrinshoti kwanza, ndipo ufute. Admini unaweza kufuta kwa wote. Hao wengine wasomee kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumsumbua au kumuumiza moyo, faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Boom lenu, hiyo hela ya mkopo ya kujikimu, halifiki huko. Akitaka kushtaki, msindikize ofisi ya mlezi wa wanafunzi.

CR_mwaka_wa_pili:
Mrejesho. Jana nilimfuata hosteli, nikamkuta anapiga pasi shati. Nikamwambia nataka kufuta zile stika zote. Hakunyanyua hata kichwa. "Anza na yako."

Nimerudi kwenye grupu kuangalia. Chini ya ile sauti, kicheko cha kwanza ni changu. Saa 4:12 usiku.