"Kwani hizo pesa ni zako?" Nimeulizwa hivi leo, mbele ya wauzaji wangu

Mpiga_Nyuzi (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka, herufi zikipinda mtanivumilia. Wale jamaa wa kampuni ya kupokea malipo ya mtandaoni mnawajua, sina haja ya kuwataja. Wale wanaokuapia utaanza kupokea pesa kabla chai haijapoa. Leo wamenivua nguo hadharani.

Nina soko la mtandaoni la vifaa vya muziki vilivyotumika. Muuzaji anaweka gitaa lake, mnunuzi analipa kwetu, tunashika pesa mpaka mzigo ufike, tunakata kamisheni, inayobaki tunamtumia muuzaji. Mwaka mzima tumekwenda hivyo, na hao jamaa wamekata chao kila muamala bila hata kukohoa. Juzi usiku akaunti ikafungiwa. Malipo ya wauzaji 43 yamekwama humo. Nimeandikiana na roboti yao mpaka najua tabia zake kuliko za ndugu zangu.

Leo nikapata ofisa mwenye pumzi, kwa simu ya video. Nikawaingiza na wauzaji wawili wasikie kwa masikio yao kwamba sijala hela zao. Nikasema kwa adabu zote nilizofundwa: "Tunaomba pesa zetu." Akanyamaza. Ukimya ule ungeweza kuota ndevu. Kisha akauliza:

"Kwani hizo pesa ni zako?"

Mbele ya wauzaji! Mmoja ni mzee wa watu, ameuza kinanda alichokipiga miaka 20. Nilimwona kwenye kioo akisogea karibu anitazame vizuri, kama mtu anayekariri sura ya mwizi ili aje aitambue baadaye. Na huyo ofisa wala hakufoka. Aliuliza taratibu, kama anauliza saa. KWANI. HIZO. PESA. NI. ZAKO.

Fomu yao iliniuliza nauza nini, nikajaza vifaa vya muziki. Tovuti yetu waliikagua. Kamisheni yao walikula. Leo ndio hawajui pesa ni za nani?

SitiYaMbele

Nimeshakaa. Msinizibie.

Mhakiki_Hesabu

Pole mkuu, ila swali lake lina jibu, na jibu ni kwamba si zako. Ukipokea pesa ya A ili umfikishie B, machoni pa msimamizi wa fedha huuzi magitaa tena, unasafirisha pesa za watu. Marekani ukifanya hivyo bila leseni ni jinai ya sheria ya shirikisho, kifungo hadi miaka 5, na leseni zenyewe unazitafuta jimbo kwa jimbo. Ndiyo maana masoko mengi hayataki kuigusa pesa. Yanachukua mfumo wa kugawanya malipo, mfano Stripe Connect au Adyen for Platforms. Kila muuzaji anafunguliwa akaunti yake ndani ya mfumo, kitambulisho chake kinahakikiwa, na mnunuzi akilipa kamisheni yako inakatwa njiani. Wewe umefungua akaunti ya mwenye duka ukaendeshea soko.

Mpiga_Nyuzi

Mhakiki, najua si zangu! Ningekuwa nadhani ni zangu ningewaita wauzaji kikaoni? Mimi nalia na namna alivyouliza. Na mzee yule kanitumia ujumbe sasa hivi, neno moja tu: "Sawa." Mnaijua "sawa" ya mtu mzima?

Chungu_Cha_Tatu

Kwani huu uzi ni wako?

SitiYaMbele

😂😂😂 Chungu umeua.

Wakili_Wa_Pembeni

Ngoja niongezee kwa wanaotaka kuanzisha soko, mleta uzi yeye ameshaumwa. Ulaya watu walikuwa na kichaka chao cha kujifichia, kinaitwa wakala wa biashara. Mtu anasema mimi wakala wa muuzaji, wakala wa mnunuzi pia, kwa hiyo leseni ya malipo hainihusu. Ikaja PSD2, sheria ya malipo ya Umoja wa Ulaya, ikapitishwa 2015, ikaanza kutumika tarehe 13 Januari 2018, kichaka kikafyekwa. Uwe wakala wa upande mmoja, wa anayelipa au wa anayelipwa. Ukitaka kuwa wa pande zote mbili, usizishike pesa wala usiwe na mamlaka juu yake. Sasa mtu anayezikalia mpaka mzigo ufike, huyo anazishika, hakuna namna ya kulipaka rangi hilo.

Halafu mkuu, mkataba wako na wauzaji unasemaje? Majimbo kadhaa ya Marekani hayakudai leseni kama muuzaji amekuteua kwa maandishi umpokelee, na mnunuzi akishakulipa wewe anahesabiwa amemlipa muuzaji. Sentensi mbili tatu tu hizo, lakini ndizo zinazokutofautisha na msafirisha pesa.

Mpiga_Nyuzi

Mkataba ninao, na wauzaji wote wamesaini. Nimeulizwa mkataba basi? Nimeulizwa kwani hizo pesa ni zako! Angeniomba mkataba ningemtumia hapo hapo, mzee akishuhudia.

Dalali_Mstaafu

Wewe ushukuru zimezuiwa zingali ndani. Mimi nilishawalipa wauzaji wote, nimetulia, mnunuzi mmoja mwezi wa tatu anakwenda benki yake kusema hajapokea mzigo. Visa, kampuni ya kadi, mara nyingi inampa hadi siku 120 za kulalamika, hilo hakuna aliyeniambia. Pesa ikavutwa kwangu na faini juu. Muuzaji kumpigia, namba haipo. Nimemlipia mtu keyboard nisiyowahi kuiona.

Mhakiki_Hesabu

Hapo ndipo unapotakiwa kujua mapema nani anahesabika kama muuzaji mbele ya benki. Likiwa jina lako ndilo linaloonekana kwenye taarifa ya kadi ya mnunuzi, lawama inakuja kwako hata kama

Mhakiki_Hesabu

Samahani, imejituma kabla sijamaliza. Hata kama mzigo ulikuwa wa mwingine. Na malalamiko yakizidi, kampuni ya malipo ikikufungia na jina lako likaingizwa kwenye orodha ya MATCH ya Mastercard, ile ya wafanyabiashara waliofungiwa, linakaa humo miaka 5. Kila utakapogonga mlango watakuona.

Mama_Vifurushi

Dalali, huyo mnunuzi ulimtumia namba ya kufuatilia mzigo au ulimwachia Mungu?

Dalali_Mstaafu

Namba ilikuwepo dada. Inasoma "umefikishwa". Benki ikataka sahihi ya aliyepokea, msafirishaji akasema dereva aliuacha mlangoni.

Mama_Vifurushi

MLANGONI! Hao hao! Mimi wangu walipiga picha ya mlango, mlango wenyewe si wa mteja wangu. Mteja ana mlango wa bluu, picha ina geti jeusi na mbwa.

Chungu_Cha_Tatu

Mbwa ndiye aliyesaini.

Mpiga_Nyuzi

Jamani, tafadhali. Mzee wa kinanda ameandika tena. Anauliza amtume mtoto wake aje kuzungumza na mimi au aende moja kwa moja kwa wakili. Nimjibu nini?

Kijana_Wa_Mizigo

Mama Vifurushi acha kuwasingizia madereva. Dereva ana mizigo 100 kwa siku, mteja hapokei simu, ulitaka aukalie mpaka jioni?

Mama_Vifurushi

Ndiyo, aukalie! Si amelipwa?

Dalali_Mstaafu

Kijana, wewe uko kampuni gani? Ile ya magari meupe?

Kijana_Wa_Mizigo

Sisemi.

SitiYaMbele

Ni hiyo hiyo. Dalali, una picha ya ule mlango?