Naomba ushauri: mdogo wangu anaachiwa upasuaji peke yake

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana stashahada ya afya ya mifugo, yupo kwenye kliniki ndogo ya mbwa na paka hapa Dar. Chanjo za kichaa cha mbwa, vidonda, wanyama waliolazwa, vyote anavimudu na kazi anaipenda mno. Tatizo, daktari mwenyewe hushinda mashambani kwa wateja wa ng'ombe, halafu anapiga simu: mchome paka dawa ya usingizi, mfunge kizazi.

Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, msaidizi anatakiwa asimamiwe na daktari aliyesajiliwa. Simu nayo ni usimamizi? Paka akifia mezani, nani atajibu? Mimi naona anatwishwa mzigo usio wake.

Madaktari wa mifugo, amwambieje bosi wake bila kupoteza kibarua?